Mstari wa Juu Hausemi Uongo: Historia ya Kuwasaka Watuma Barua Taka

Mtu anayetuma barua taka hughushi jina lake, hughushi anwani ya kurudishia majibu, na akiweza huipitisha barua yake kwenye kompyuta ya mtu mwingine asiyejua lolote. Kuna kitu kimoja tu asichoweza kukigusa: kile ambacho seva inayopokea barua hiyo inakiandika yenyewe pale inapofungua mlango. Kwa miaka mingi sasa, kila aliyetaka kujua spamu inatoka wapi ameanzia hapo, kwenye mistari mikavu ya kumbukumbu za seva ambayo wengi wetu hatuifungui hata siku moja. Waliokuwa na subira ya kuisoma waliwafikisha wahalifu mahakamani, wakazima mitambo iliyomwaga mabilioni ya barua kwa siku, na hatimaye wakazifikia benki zilizopokea fedha.

Enzi ya kujuana

Mwaka 1978 mtandao wa ARPANET, uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulikuwa na watumiaji wachache kiasi kwamba majina na anwani zao zilitosha kuchapishwa katika kitabu. Gary Thuerk, ofisa masoko wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, alikiona kitabu hicho kuwa hazina. Tarehe 3 Mei mwaka huo alituma barua moja kwa watumiaji karibu 400 wa upande wa magharibi wa Marekani, akiwaalika kwenye maonyesho ya kompyuta mpya za DECSYSTEM-20 huko Los Angeles na San Mateo. Anwani zilichapwa moja moja kwa mkono, zikawa nyingi hata programu ikashindwa kuzimudu. Zilizozidi zikaingia ndani ya barua yenyewe.

Malalamiko yalifika siku hiyohiyo. Maofisa wa jeshi waliosimamia mtandao walikumbusha kwamba ARPANET ilikuwa ya shughuli za serikali tu, na mwajiri wa Thuerk akaonywa. Hapakuwa na upelelezi wowote, kwa sababu haukuhitajika. Barua ilikuwa na jina la kweli la mtumaji na la kampuni yake. Aliyevuruga alijulikana kabla jua halijazama.

Hali hiyo ya kujuana ndiyo iliyounda barua pepe tunayoitumia. Mwezi Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha hati namba 821 katika mfululizo wa RFC, hati zinazoweka kanuni za intaneti. Humo alieleza itifaki ya SMTP, inayosafirisha barua kutoka seva moja hadi nyingine. Mazungumzo yake ni mafupi. Seva inayotuma inabisha hodi na kutaja jina lake. Inasema barua imetoka kwa nani, kisha inakwenda kwa nani. Ikikubaliwa inamimina barua yote, inaweka nukta peke yake kwenye mstari kuonyesha kuwa imemaliza, na kuaga. Katika mazungumzo yote hayo hakuna mahali panapodaiwa kitambulisho. Ukitaja jina la rais wa nchi, seva ya upande wa pili itakuitikia vizuri tu.

Hata hivyo hati hiyohiyo iliweka sharti moja ambalo thamani yake ilikuja kuonekana baadaye. Kila seva inayopokea barua lazima iongeze mstari juu kabisa ya barua hiyo, ikieleza imeipokea kutoka mashine gani, mashine gani imeipokea, na saa ngapi. Shabaha ilikuwa ya kifundi: barua ikipotea, au ikizunguka bila kikomo kati ya seva mbili, fundi aweze kuona ilikopita. Hakuna aliyefikiria wezi.

Wakati huo, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Eric Allman alikuwa akiandika sendmail, programu iliyokuja kubeba sehemu kubwa ya barua za intaneti. Allman alihitaji mahali pa kuandikia kila jambo ambalo programu yake ilifanya, akatengeneza mfumo wa kumbukumbu ulioitwa syslog. Mfumo huo ulizaliwa kwa ajili ya barua, lakini ulienea hadi ukawa njia ya kawaida ya kutunza kumbukumbu katika mifumo ya Unix, na baadaye hata katika ruta. Hivyo mafundi wa miaka ya 1980 walituachia mashahidi wawili: mistari inayosafiri pamoja na barua, na logi inayobaki nyumbani kwenye seva.

Jinsi mashahidi wanavyosomwa

Mashahidi hawa wawili hawaaminiki kwa kiwango kimoja. Mistari ya njiani husomwa kutoka juu kwenda chini, maana kila seva huongeza wa kwake juu ya ule uliotangulia. Mstari wa juu kabisa umeandikwa na seva yako mwenyewe, na huo ni wa kweli. Ulio chini yake umeletwa na yule aliyekukabidhi barua. Kama unamwamini, endelea. Kama humwamini, simama hapo. Watuma spamu walijifunza mapema kutunga mistari ya uongo na kuibandika chini, ili anayesoma adhani barua ilianzia Korea au Brazil na kwenda kumlaumu asiyehusika.

Mfano wake ni daftari la wageni getini. Mgeni anaweza kuandika jina lolote na sababu yoyote ya kuja, lakini askari aliye makini huinakili mwenyewe namba ya gari. Kwenye barua pepe namba hiyo ni anwani ya IP. Mtumaji hawezi kuighushi kwa urahisi, kwa sababu SMTP ni mazungumzo ya pande mbili. Kila sentensi anayosema lazima asubiri jibu, na jibu linakwenda kwenye anwani ile aliyotokea. Akidanganya anwani, majibu yatakwenda kwingine na mazungumzo yatakatika kabla barua haijaingia.

Kutoka hapo kazi ni kulinganisha. Je, jina ambalo mashine ilijitajia linalingana na anwani yake ya IP? Je, seva inayodaiwa kutuma katika mstari wa juu ndiyo inayodaiwa kupokea katika mstari wa chini yake? Je, saa zinafuatana, au barua imefika kabla ya kutumwa? Njia ya mwongo ni fupi: mara nyingi mnyororo wa kughushi hukatika kwenye pete ya pili au ya tatu. Palipokatika ndipo mahali pa mwisho unapoweza kupathibitisha, na mwenye mashine iliyopo hapo ndiye wa kuulizwa.

Mawakili wawili na milango wazi

Tarehe 12 Aprili 1994, mawakili wawili wa Phoenix, Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walisambaza tangazo moja katika makundi ya mijadala ya Usenet yapatayo 6,000. Lilihusu bahati nasibu ya Green Card, ileile ambayo kwa miaka mingi vijana wengi wa Afrika Mashariki walijaza fomu zake. Mawakili hao waliuza huduma ya kuwajazia watu maombi ambayo mtu angeweza kuyapeleka mwenyewe bila wakili. Hasira ya wasomaji ilikuwa kubwa. Malalamiko yalimiminika hadi seva za barua za kampuni iliyowaunganisha na intaneti zikaanguka mara kadhaa. Canter na Siegel hawakujificha wala hawakujuta. Baadaye walitoa kitabu cha kuwafundisha wengine namna ya kutajirika kwa njia hiyo.

Walioufuata mfano wao hawakuwa na ujasiri huo. Waliona kilichowapata wawili wale, wakatafuta pazia. Walilipata kwenye seva za watu wengine. Kwa desturi ya zama za kujuana, seva ya barua ilikubali kubeba barua ya yeyote kwenda kwa yeyote, kama msaada kati ya majirani. Mtuma spamu aliikabidhi seva ya shule au ya kiwanda barua moja pamoja na orodha ya maelfu ya anwani, naye akaondoka. Seva ile ilifanya kazi usiku kucha kwa gharama ya mwenyewe, na asubuhi lawama zote zikamwangukia yeye.

Hapo ndipo kusoma logi kulipogeuka kuwa kazi ya ushirikiano. Mstari wa juu wa barua uliyoipokea ulikufikisha kwenye seva iliyoachwa wazi, basi. Hatua iliyofuata ilikuwa ndani ya logi ya seva hiyo, na mwenye kuweza kuifungua ni msimamizi wake tu. Ilibidi umwandikie, umpe saa kamili, anwani ya IP na namba ya utambulisho wa barua, kisha yeye aitafute kwenye kumbukumbu zake na kukuambia nani alimkabidhi. Mwaka 1997 hati ya RFC 2142 ilipendekeza kila kikoa kiwe na sanduku la barua liitwalo abuse kwa ajili ya malalamiko ya namna hiyo. Kila upelelezi uliofaulu wakati huo ulitegemea mtu asiyejulikana, katika mji mwingine, kukubali kuacha kazi zake na kupekua faili ya jana.

Wengine waliamua kufunga mlango moja kwa moja. Paul Vixie na Dave Rand wa California walianzisha mwaka 1997 orodha ya anwani za IP zinazotoa au kusaidia spamu, ili seva nyingine zizikatae. Mwaka 1998 Steve Linford alianzisha Spamhaus jijini London, na Julian Haight akaanzisha SpamCop, huduma iliyosoma mistari ya njiani kwa programu, ikakata mnyororo pale penye uongo na kuandika malalamiko kwa mwenye mashine. Mwaka huohuo toleo la 8.9 la sendmail lilitoka likiwa limefunga ubebaji wa barua za wageni tangu mwanzo. Mahakama nazo ziliamka. Mwaka 1997 mahakama ya shirikisho huko Ohio iliamua kwamba kampuni ya mtuma spamu Sanford Wallace, Cyber Promotions, haikuwa na haki ya kuendelea kuzitumia seva za kampuni ya mtandao ya CompuServe baada ya kukatazwa. Kufanya hivyo ni kuingilia mali ya mtu.

Mtu, mashine na haki ya kujificha

Kesi ya Jeremy Jaynes inaonyesha nguvu ya ushahidi wa seva na mipaka yake kwa pamoja. Jaynes aliishi Raleigh, Carolina ya Kaskazini. Mwezi Julai 2003, katika siku tatu tofauti, alituma kwa wateja wa kampuni ya intaneti ya AOL zaidi ya barua 10,000 kila siku, zenye taarifa za uongo kuhusu zilikotoka. Seva za AOL zilikuwa katika jimbo la Virginia, na kumbukumbu zake ziliwaongoza wapelelezi hadi nyumbani kwake, ambako walikuta diski zenye taarifa za mamilioni ya wateja. Mwezi Novemba 2004 alitiwa hatiani, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 9. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Marekani mtu kutiwa hatiani kwa spamu kama kosa kubwa la jinai.

Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Virginia ilifuta hukumu hiyo. Majaji hawakusema Jaynes alionewa na ushahidi. Walisema sheria ya jimbo ilikuwa pana mno, kwa sababu ilimkataza mtu kuficha anakotokea hata kama barua yake ni ya siasa au ya dini, na haki ya kusema bila kujitaja inalindwa na katiba. Ni uamuzi unaouma ukikumbuka madhara, lakini ni wa haki. Anayepekua kumbukumbu za barua ana uwezo mkubwa juu ya siri za watu, na uwezo huo unahitaji mipaka ya sheria kama ule wa polisi mwenye funguo.

Kompyuta za nyumbani zinageuka watumwa

Wakati kesi ya Jaynes ikiendelea, mchezo ulikuwa umebadilika. Mwezi Agosti 2003 kirusi kiitwacho Sobig.F kilienea duniani kwa kasi, na kompyuta zilizoambukizwa na jamii hiyo ya virusi zikatumika kupitishia spamu. Tangu hapo msomaji wa logi aliona kitu kipya. Anwani za IP hazikujirudia. Barua moja imetoka kwenye intaneti ya nyumbani huko Poland, ya pili Uturuki, ya tatu Brazil, ya nne Marekani. Kila moja ilikuwa ya kweli, na mwenye kompyuta kwa kila moja alikuwa amelala. Mwezi Januari 2004 Bill Gates alitabiri mbele ya mkutano wa Davos kwamba tatizo la spamu lingekwisha katika miaka miwili. Halikwisha. Aprili 2008 mtafiti Joe Stewart alikadiria kwamba genge moja tu la kompyuta zilizotekwa, Srizbi, lilikuwa na mashine 315,000 zenye uwezo wa kutuma barua bilioni 60 kwa siku.

Watafiti walitafuta njia ya kuupita ukuta huo, na walianza palepale pa zamani. Walichukua kumbukumbu za seva na kuzipanga barua kwa tabia, maana kila programu ya spamu ina mwenendo wake: namna inavyojitambulisha mlangoni, namna inavyopanga vichwa vya barua, namna inavyokosea kanuni ndogo za SMTP. Kwa tabia hizo waliweza kusema kwamba barua zilizotoka nyumba laki tatu ni za genge moja. Kisha wakachukua nakala ya programu ya genge hilo, wakaiacha iambukize kompyuta iliyofungiwa maabara, na kuangalia inawasiliana na anwani gani kuomba kazi.

Nyingi ziliomba kazi San Jose, California, kwenye seva zilizokuwa ndani ya kampuni iitwayo McColo. Humo mlikuwa na mitambo ya kuongozea magenge ya Srizbi, Rustock, Mega-D na mengine. Brian Krebs, wakati huo mwandishi wa gazeti la Washington Post, alikusanya ushahidi wa watafiti na kuupeleka kwa kampuni mbili zilizoiuzia McColo intaneti. Tarehe 11 Novemba 2008 waya zilikatwa. Katika muda wa saa chache kiwango cha spamu duniani kilishuka kwa takriban theluthi mbili. Wasimamizi wa seva katika mabara yote waliona jambo hilo kwenye logi zao wenyewe, bila kuambiwa na mtu: mistari ya kukataa barua ilipungua ghafla.

Magenge yalipigania uhai. Siku nne baadaye McColo ilipata njia nyingine ya intaneti kwa saa kadhaa, ikahamisha data kwenda Urusi kabla ya kukatwa tena. Srizbi ilikuwa na mpango wa akiba: kompyuta zake zilipokosa bwana, zilianza kutafuta majina ya vikoa yaliyobuniwa kwa hesabu maalumu. Kampuni ya usalama ya FireEye iliigundua hesabu hiyo, ikawa inanunua vikoa hivyo kabla ya magenge. Gharama ilipoishinda, wenye Srizbi walinunua vilivyofuata na kuwapata watumwa wao tena. Ndani ya miezi michache spamu ilikuwa imerudi kwenye viwango vya zamani.

Somo halikupotea. Tarehe 16 Machi 2011 Microsoft, ikiwa na amri ya mahakama na maofisa wa mahakama za shirikisho, iliingia katika vituo vya seva kwenye miji saba ya Marekani na kuchukua mashine zilizoongoza Rustock, genge lililokadiriwa kuwa na kompyuta milioni moja. Safari hii hawakukata waya tu, walichukua diski. Katika diski hizo walikuta programu za kutengenezea spamu na faili za anwani, moja ikiwa na anwani zaidi ya 427,000. Julai 2012 genge la Grum, lililohesabiwa kutoa karibu asilimia 18 ya spamu duniani, liliuawa kwa muda wa siku chache: seva zake zilizimwa Uholanzi, kisha Panama, kisha Urusi, na zile mpya zilizofunguliwa Ukraine zikafungwa pia.

Kufuata fedha

Lilibaki swali lililo juu ya mengine: nani analipa? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, na wenzao wa Berkeley waliingia kimyakimya ndani ya genge la Storm na kuhesabu. Katika siku 26 barua karibu milioni 350 za kutangaza duka la dawa zilizaa mauzo 28, yenye thamani isiyofika dola 3,000. Matokeo hayo, yaliyotolewa mwaka 2008, yanaeleza kwa nini spamu haina adabu. Faida kwa kila barua ni ndogo mno, kwa hiyo biashara inasimama pale tu gharama zinapobebwa na wengine: mwenye kompyuta iliyotekwa, mwenye seva, na sisi tunaofuta.

Mwaka 2011 kundi hilohilo la San Diego lilikwenda mbali zaidi. Walikusanya viungo vya mamilioni ya barua taka, wakavifuata hadi madukani, wakanunua bidhaa kwa kadi, na kutazama ni benki gani ilipokea malipo. Asilimia 95 ya dawa, bidhaa bandia na programu zilizotangazwa kwa spamu katika utafiti wao zililipiwa kupitia benki tatu tu. Waliokuwa wakihangaika na mamilioni ya anwani za IP waligundua kwamba bonde hilo pana lilikuwa na mdomo mwembamba sana. Kampuni za kadi na wenye chapa walipoanza kuzibana akaunti hizo, maduka mengi yalikosa pa kupokelea fedha.

Nyumbani kwetu

Afrika Mashariki imo ndani ya historia hii, wala haisimami pembeni. Ukitaka kujua anwani ya IP ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni ya nani, unaiuliza sajili ya AFRINIC, yenye makao Mauritius. Mwaka 2019 mpelelezi wa spamu Ron Guilmette wa California, aliyekuwa akifuatilia anwani za Kiafrika zilizoonekana mahali zisipotarajiwa, alifichua kwamba kumbukumbu za sajili hiyo zilikuwa zimechezewa kutoka ndani. Ukaguzi wa AFRINIC yenyewe ulikuja kuonyesha kwamba anwani zaidi ya milioni 2 za hazina yake zilichukuliwa isivyo halali, mbali na zaidi ya milioni moja na nusu za mashirika ya zamani zilizoonekana kuingiliwa. Huo ulikuwa wizi wa mali ya bara zima. Tena unatufundisha kwamba hata anwani ya kweli inaweza kusajiliwa kwa jina la uongo.

Yapo mambo mengine yanayomtaka msomaji wa logi wa kwetu awe mwangalifu. Saa ya barua yenye alama ya +0300 inaweza kuwa ya Mombasa, na inaweza kuwa ya Moscow, kwa kuwa tangu Oktoba 2014 miji hiyo inatumia saa moja. Halafu wengi wetu tunaingia mtandaoni kwa simu, na kampuni za simu huwagawia wateja wengi anwani moja ya IP. Bila saa sahihi na namba ya poti ya mtumaji, logi haiwezi kumtofautisha mteja mmoja na mwenzake, na mtu asiye na hatia anaweza kubebeshwa kosa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inataja kutuma barua zisizoombwa, kuzipitisha na kughushi vichwa vyake kuwa makosa. Ikiwa kosa lina adhabu, ushahidi wake lazima uwe safi.

Siku hizi chanzo cha spamu kinachosumbua taasisi zetu mara nyingi kiko ndani ya nyumba: nywila ya mfanyakazi iliyoibwa, au tovuti ya zamani yenye tundu. Kukipata hakuhitaji vifaa vya bei. Chukua barua moja iliyolalamikiwa na usome namba yake ya foleni. Itafute namba hiyo kwenye logi ya barua, nayo itaunganisha mistari yote ya safari moja. Katika Postfix, programu ambayo Wietse Venema aliiandika akiwa IBM, ukikuta neno sasl_username likifuatiwa na jina la mfanyakazi, akaunti yake ndiyo inayotumika, na anwani ya IP iliyo kando itakuambia kama ni yeye au ni mtu wa nchi nyingine. Ukikuta uid=33 kwenye seva ya Debian, barua imetoka kwenye tovuti yako mwenyewe, na kazi yako inahamia kwenye logi za tovuti. Badilisha nywila au ziba tundu kwanza, ndipo usafishe foleni. Ukianza na foleni, itajaa tena kabla hujamaliza.

Kwa hiyo namwomba kila msimamizi wa seva katika shule, hospitali, halmashauri na ushirika: tunza logi zako kwa muda wa kutosha, ziwekee nakala kwenye mashine nyingine, rekebisha saa ya seva ifuate saa ya dunia, funga ubebaji wa barua za wageni, na hakikisha kuna binadamu anayesoma sanduku la malalamiko. Usisome barua za watu. Soma mistari ya njia tu, na uisome kwa sababu maalumu. Waliowaangusha McColo, Rustock na Grum hawakuwa na uchawi. Walikuwa na kumbukumbu zilizotunzwa vizuri, na wenzao wa mbali waliojibu walipoandikiwa. Seva isiyo na logi haina ushahidi wa kumlinda mwenyewe wala wa kumsaidia jirani.